Kuoanisha Matabaka ya Mchanga katika Bonde la Rusizi: Historia ya Kosa Moja

Mjomba wangu analima mpunga Bugarama, kusini kabisa mwa Wilaya ya Rusizi, pale Rwanda inapokutana na Burundi na Kongo. Mwaka 2021 alichimba kisima nyuma ya nyumba yake. Kwenye mita tisa akakuta mchanga mnene wenye maji matamu. Mwaka uliofuata akataka maji zaidi kwa ajili ya ng'ombe na bustani, akachimba kisima kingine hatua sabini kutoka pale. Kwenye mita tisa, mchanga tena. Akafurahi, akawalipa wachimbaji, akajengea mdomo wa kisima kwa matofali. Baada ya siku kumi na mbili maji yakaisha, na hayakurudi. Fedha ile ilikuwa ya mavuno ya msimu mzima. Nilipomwuliza kwa nini alichagua mahali pale, jibu lake lilikuwa fupi: "Mwanangu, mchanga ni mchanga. Ukiukuta huku, ukaukuta na kule kwa kina kilekile, ni uleule."

Mimi nasoma historia, si jiolojia. Lakini nilipoanza kusoma habari za utafutaji wa mafuta na gesi katika Afrika Mashariki kwa ajili ya insha hii, nilishangaa kukuta kwamba sentensi ya mjomba imekwisha kusemwa, kwa maneno makubwa zaidi, na watu wenye shahada, na hata na mkutano mzima wa wataalamu. Kazi ya kuamua kama mchanga wa kisima hiki ndio mchanga wa kisima kile wanajiolojia huiita kuoanisha matabaka. Ni kazi inayoonekana rahisi. Historia yake hapa kwetu inaonyesha kwamba si rahisi, na kwamba anayekosea hulipa.

Nianze na mto wetu. Zamani Ziwa Kivu lilimwaga maji yake kaskazini, kuelekea Ziwa Edward. Milima ya volkano ya Virunga ilipoinuka, ikaziba njia hiyo. Maji yakajaa, yakapanda, na yapata miaka 10,000 iliyopita yakafurika upande wa kusini na kuteremka hadi Ziwa Tanganyika. Hivyo ndivyo Rusizi tunaoujua ulivyoanza. Kutoka Kamembe hadi Tanganyika mto huu unashuka karibu mita 700. Unapopita kwenye makorongo unakwangua milima na kubeba kila kitu. Unapofika bondeni unachoka, na mzigo unauacha.

Namna unavyouacha mzigo huo ndiyo siri ya somo zima. Mwaka 2023, mpaka wa Ruhwa ulipokuwa wazi, nilivuka nikafika Gatumba, karibu na mahali mto unapoingia ziwani. Mdomoni pa mto kuna mchanga. Ukiingia ziwani kidogo, mchanga unakuwa laini, na mbali zaidi linabaki tope tupu, kwa sababu chembe nzito huzama kwanza na nyepesi husafiri. Mchanga, mchanga laini na tope: vyote vitatu vinatua leo, siku moja. Sasa ngoja miaka mia tano. Mto umejijengea nchi kavu, mdomo wake umesogea mbele, na pale palipokuwa na tope pamefunikwa na mchanga. Ukichimba kisima pale utakuta mchanga juu na tope chini, nawe utadhani kuna tabaka moja la mchanga lililotandazwa kama mkeka juu ya tabaka moja la tope. Si hivyo. Kilichopo ni vipande vingi vilivyolaliana kwa mteremko, kama vigae vya paa, kila kimoja na umri wake, na kati ya kigae na kigae mara nyingi kuna utando mwembamba wa tope usiopitisha maji. Mwanajiolojia Mjerumani Johannes Walther aliliandika wazo hili mwaka 1894: mazingira yanayokaa ubavu kwa ubavu ndiyo yanayokuja kulala moja juu ya jingine.

Kwa hiyo visima viwili vinaweza kuwa na mchanga kwa kina kilekile, lakini kila kimoja kimegonga kigae chake. Ukivuta maji au mafuta huku, kule hayasikii.

Gatumba palinifundisha na jambo la pili. Mafuriko ya Aprili 2020 na ya miaka iliyofuata yalizamisha mitaa ile, na kwenye kuta za nyumba zilizoachwa nilikuta mstari wa tope, kwa kimo kilekile, nyumba baada ya nyumba. Watu wa pale hawapendi kuutazama mstari ule, na sikuwauliza mengi. Lakini niliwaza: mtu atakayechimba hapa baada ya miaka elfu moja, kama atakuwa na akili, ataufuata utando ule wa tope na kuuacha mchanga. Mchanga umewekwa kidogo kidogo, kila mahali na siku yake. Tope la mafuriko lilitua kila mahali kwa majira mamoja. Tope hilo ni tarehe.

Hapa ndipo historia ya kosa inapoanzia, na inaanza na mtu ninayemheshimu. E. J. Wayland alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa Idara ya Upimaji wa Jiolojia ya Uganda, tangu mwaka 1919. Alizunguka Ziwa Albert kwa miguu na kwa mtumbwi, na ripoti yake kuhusu mafuta ya Uganda ilitoka mwaka 1925, ikiorodhesha mahali 52 ambapo mafuta yalichuruzika yenyewe kutoka ardhini. Wenyeji walikuwa wakiyajua muda mrefu kabla ya kuzaliwa kwake, jambo ambalo vitabu hupenda kulisahau. Ndiye pia aliyeyatambulisha kwa wataalamu matabaka ya Kaiso, yenye magamba ya konokono na mifupa ya wanyama.

Wayland huyohuyo aliona kwamba kuzunguka maziwa mengi ya Afrika Mashariki kuna fukwe za kale zilizobaki juu, mbali na maji ya leo. Akasema: zamani mvua ilikuwa nyingi, maziwa yote yakapanda pamoja. Kwa hiyo ufuko wa kale wa hapa na ufuko wa kale wa kule ni wa wakati mmoja. Louis Leakey aliupokea mpango huo na kuupanua, na vipindi vya mvua vikapewa majina ya mahali: Kagera, Kamasia, Kanjera, Gamble. Mwaka 1947, kwenye Mkutano wa kwanza wa Afrika Nzima wa Historia ya Kale uliofanyika Nairobi, mpango huo ukakubaliwa kama kalenda ya bara zima. Jina la mto wa nchi yetu, Kagera, likasafiri hadi kwenye vitabu vya watu ambao hawakuwahi kuuona.

Haukudumu. Mwaka 1958 H. B. S. Cooke, na mwaka 1959 Mmarekani Richard Foster Flint, walionyesha kwamba ushahidi hautoshi. Katika Bonde la Ufa ardhi yenyewe inapanda na kushuka. Ufuko unaweza kuinuliwa na ufa bila tone la mvua kuongezeka. Nami naongeza mfano wa nyumbani, ambao naona unatosha peke yake. Siku Kivu lilipofurika kusini, Tanganyika lilipata mto mpya mkubwa, na Edward likapoteza wake, kwa sababu volkano za Virunga ziliziba bonde. Maziwa mawili, tukio moja, matokeo yaliyopingana. Anayeoanisha fukwe zao kwa kusema zilipanda pamoja atakosea tangu mstari wa kwanza.

Tanganyika lina ushahidi mwingine, wa wakati ambao tuna maandishi. Stanley alipopita kwenye Mto Lukuga mwaka 1876 alikuta njia ya maji ya kutokea ziwani imezibwa na matope na majani. Miaka michache baadaye kizuizi kilivunjika, maji yakatoka kwa kasi kuelekea Kongo, na ziwa likashuka mita kama kumi kabla ya mwisho wa karne. Edward Hore wa London Missionary Society, aliyefika Ujiji mwaka 1878, aliishuhudia hali hiyo. Mahali pa Ujiji ambapo Livingstone na Stanley walikutana mwaka 1871 leo pako mbali na maji. Kisha katika miaka ya 1960 ziwa likapanda tena, na tangu 2020 tumeliona likipanda mbele ya macho yetu. Hebu fikiria mchanga wa ufukweni pale: wa 1871, wa 1895, wa 1964. Kwa macho ni mmoja. Aliye na kisima tu, bila barua za wasafiri, atawezaje kuutenga? Katika matabaka ya kale zaidi mabadiliko ya ziwa hili yalifikia mamia ya mita, kwa hiyo kosa nalo hukua kwa kipimo hicho.

Makampuni yalikuwa na swali hilohilo, ila wao walilipa kwa mamilioni. Mwaka 1938 kisima cha Waki B-1 kilichimbwa karibu na Butiaba, kando ya Ziwa Albert, hadi mita 1,237. Dalili za mafuta zilionekana, biashara haikupatikana. Vita vikaja, na utafutaji ukalala kwa miongo mingi. Nimeona watu wakiandika kwamba Waki kilishindwa. Kwa maoni yangu hilo ni neno la haraka. Kisima kimoja hakiwezi kuoanishwa na kitu. Ni kama shahidi mmoja mahakamani. Kilichokosekana ni kisima cha pili.

Chombo cha kuviuliza visima tayari kilikuwapo. Tarehe 5 Septemba 1927, huko Pechelbronn nchini Ufaransa, kampuni ya ndugu Conrad na Marcel Schlumberger ilishusha waya kisimani na kupima jinsi miamba inavyozuia umeme, hatua kwa hatua. Ikatoka chati: mstari unaocheza kushoto na kulia kadiri kina kinavyobadilika. Baadaye kikaja kipimo cha mionzi ya gama, ambayo huwa mingi kwenye tope na michache kwenye mchanga safi. Mtu akiziweka chati za visima viwili mezani, jicho lake mara moja hutafuta maumbo yanayofanana na mkono wake huchukua rula. Hapo mchanga unakuwa mchanga, na sentensi ya mjomba wangu inarudi ikiwa imevaa tai. Mpaka mwaka 1977, Peter Vail na wenzake wa kampuni ya Exxon walipochapisha kazi yao juu ya picha za mawimbi ya sauti yanayotumwa chini ya ardhi, wataalamu wengi walikuwa bado wanachora matabaka kama chapati zilizopangwa. Picha zile zilionyesha vigae waziwazi, vimeinama kuelekea kwenye maji, na juu yake nyuso za mafuriko zilizovifunika kwa wakati mmoja. Zikawafundisha watu kuoanisha kwanza zile nyuso za tope, kisha kuugawa mchanga ulio katikati yake.

Mbinu hiyo ilifika kwetu upesi. Mwaka 1983 na 1984 mradi wa PROBE wa Chuo Kikuu cha Duke, ukiongozwa na Bruce Rosendahl, ulipima Ziwa Tanganyika kwa mawimbi hayo. Ukaonekana mpangilio ambao hakuna aliyeutazamia kwa uwazi ule: bonde limeundwa na mabirika yaliyoinama, moja likiwa na ufa mkubwa upande wa mashariki, linalofuata upande wa magharibi. Tabaka la umri mmoja linaweza kuwa nene sana na la kina kirefu kwenye ufa, kisha jembamba na la juu upande wa pili. Kina, kwa hiyo, hakisemi lolote kuhusu umri.

Katika miaka hiyohiyo ya 1980 kampuni ya Amoco ilichimba visima viwili kwenye tambarare ya Rusizi upande wa Burundi, Buringa na Rusizi. Ni tambarare ileile inayoanzia Bugarama. Kutoka shamba la mjomba unaiona ikinyooka kusini hadi inapotea kwenye ukungu. Mafuta ya biashara hayakupatikana. Sijakutana na mtu Kamembe anayevijua visima hivyo, ingawa vimebeba jina la mto wetu na jina la wilaya yetu. Naona ni hasara. Ni visima vya kwanza kusoma mchanga wa Rusizi hadi chini kabisa, na wasomaji wake walikuwa watu waliokuja, wakapima, wakaondoka.

Mpaka hapa nimesema maziwa. Ndugu zetu wa pwani wanayo bahari, na huko kuna mfano ulio mkubwa zaidi. Mwaka 1974 kampuni ya Agip iligundua gesi kwenye kisiwa cha Songo Songo, Kilwa. Gesi hiyo imo katika mawe ya mchanga ya zama za Kretasia ya awali, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 100, mchanga uliotandazwa na mito na bahari ya kina kifupi. Mwaka 1982 gesi nyingine ikapatikana Mnazi Bay, Mtwara, nayo imo katika mchanga wa delta, safari hii wa Mto Ruvuma. Ukiutia mchanga wa huku na wa kule viganjani, mtaalamu mgeni hataona ajabu: pwani moja, delta, bahari ya kina kifupi. Lakini mchanga wa Mnazi Bay ni mdogo kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Aliyeutenganisha ni mdudu: viumbe vidogo sana vya baharini vyenye magamba, ambavyo kila zama ina vyake. Sisi wa maziwani hatuna wadudu wale. Tunabaki na chavua za mimea, konokono na mifupa ya samaki, ambavyo hubadilika polepole na hutofautiana ziwa kwa ziwa. Ndiyo maana nasema kuoanisha mchanga wa ziwani ni kugumu kuliko wa baharini, ingawa wahadhiri wengine wanaweza kunipinga.

Gesi ya Songo Songo ilingoja miaka 30 kabla ya kuwasha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Si kwa sababu ya matabaka peke yake. Bei, fedha na siasa vilihusika. Lakini hakuna anayejenga bomba la zaidi ya kilomita 200 kabla ya kujua kama visima vyake vinanywa kwenye mtungi mmoja au mitungi mitano.

Uganda walikuja kujua hivyo mwaka 2006. Kisima cha Mputa kilipata mafuta, kikafuata Waraga, na Oktoba mwaka huo Rais Museveni akawatangazia wananchi. Mafuta yamo katika mchanga wa mito na delta za Ziwa Albert la kale, uliokatwakatwa na nyufa na kutengwa na tope. Leo mradi wa Tilenga pekee umepangiwa visima zaidi ya 400. Mtu akiuliza kwa nini vingi hivyo, sehemu kubwa ya jibu ni vigae vile vya paa: shinikizo likishuka kwenye kisima kimoja na jirani yake asitikisike, kumbe kati yao kuna ukuta, hata kama chati zao zinafanana kama mapacha.

Mwanzoni mwa 2025 viongozi wa Bodi ya Migodi, Mafuta na Gesi ya Rwanda waliliambia Bunge kwamba dalili za mafuta zimeonekana chini ya Ziwa Kivu. Huku Kamembe habari hiyo ilipokelewa kwa shangwe, na kwenye vibanda vya chai watu walianza kugawana fedha. Mimi niliuliza swali la mwanafunzi wa historia: picha za mawimbi zinaonyesha maumbo, nani atayaoanisha, na kwa visima vingapi? Nikaambiwa najifanya mzungu.

Likizo iliyopita nilirudi Bugarama na kamba yenye mafundo kila nusu mita. Kisima cha kwanza kilikuwa kimejengewa juu tu, kwa hiyo ukutani udongo ulionekana. Kwenye mita sita kulikuwa na utando wa tope jeusi, mnene kama kiganja, wenye vipande vya mafunjo yaliyooza. Chini yake udongo wa kijivu mita tatu, kisha mchanga wenye maji. Nikashuka kisima cha pili, kile kilichokauka, huku mjomba ameshika kamba na kunikaripia. Tope jeusi lilikuwapo, lenye mafunjo yaleyale, lakini kwenye mita nane. Mchanga ulianza mita moja tu chini yake, na ulikuwa laini kuliko ule wa kwanza. Kisima chenyewe kiliishia mita kumi.

Nilipanda nikamchorea chini kwa kijiti. Kama tope jeusi ni la kinamasi kimoja kilichofunika mahali pote pawili, basi mchanga wa maji uko mita tatu chini yake: kule mita tisa, huku mita kumi na moja. Ule wa mita tisa aliougonga ni kigae kingine kidogo, kilichofungiwa peke yake na maji yake ya siku kumi na mbili. Alisimamisha kazi mita moja kabla ya kufika. Niliongeza pia, kwa sababu ni kweli, kwamba tope jeusi linaweza kuwa mawili, na mafunjo huota popote penye maji.

Mjomba aliutazama mchoro muda mrefu, akaufuta kwa mguu, akasema atachimba tena kiangazi kijacho, wachimbaji watakapopatikana kwa bei nafuu, kwa sharti kwamba nusu ya gharama nitoe mimi.